Waya wa Sita

Dada Mtandao alikuwa amelala kifudifudi juu ya dari ya ofisi, goti moja kwenye boriti na jingine hewani, akiivuta kebo iliyonasa kwenye msumari, alipoitwa ashuke akajaze fomu ya ajira. Ilikuwa saa saba mchana. Mabati yalikuwa kiganja kimoja tu juu ya kisogo chake, na joto lake lilimkalia mgongoni. Alikuwa amejifunga kitambaa puani kwa sababu ya vumbi na mavi ya panya. Alijibu "Nakuja," lakini sauti ikabaki ndani ya kitambaa, ikabidi agonge dari kwa koleo ili waliokuwa chini wajue kuwa amesikia.

Panya wa pale walikuwa na uchu wa kebo. Kila wiki walitafuna moja, na kila wiki alipanda akavuta nyingine, maana kampuni ilikuwa ya kupokea na kusafirisha mizigo, na hakuna lori lililotoka getini bila karatasi ya ruhusa, na karatasi haikuchapwa bila mtandao. Ukikatika, ghorofa nzima iliita "Mtandao!" na yeye ndiye aliyeitika. Baadaye, kwa adabu, wakaongeza Dada. Hata mlinzi wa geti alikuwa amemwandika hivyo kwenye daftari lake.

Alikuwa na mwaka mmoja na miezi kumi na moja hapo, mwanagenzi. Mwanagenzi halipwi mshahara. Hupewa posho, na yake ilikuwa mia moja na hamsini. Pale kazini hakuna aliyetaja elfu, elfu zilieleweka zenyewe. Ilikuwa chini ya malipo ya mfagiaji, jambo ambalo mfagiaji alilijua na kwa wema wake hakulisema mbele za watu. Uanagenzi ulikuwa wa miaka miwili, na siku tisa zilikuwa zimebaki kabla posho hiyo nayo haijakatwa.

Alishuka, akajipangusa, akaingia ofisi ya utumishi. Meneja wa ofisi hiyo walimwita Mama Utumishi. Alikuwa mwanamke mpole kweli, na hilo ndilo lililowachanganya watu. Hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Aliwaachisha watu kazi kwa sauti ileile aliyoitumia kuwauliza kama wamekula, na juu ya meza yake palikuwa na bakuli la peremende kwa ajili ya kila aliyeingia, wa heri na wa shari.

"Kaa, mwanangu. Ila usiegemee, kiti ni cha kitambaa."

Fomu ilikuwa ya kurasa tatu. Aliijaza kwa kalamu: jina ambalo hakuna aliyelitumia, chuo, cheti, magonjwa, ndugu wa karibu. Alipofika kisanduku cha kumi na nne, Mama Utumishi alisogeza penseli mezani kwa kidole.

"Hicho kijaze kwa hii."

"Kwa nini, mama?"

"Ndivyo tunavyofanya hapa."

Kisanduku cha kumi na nne kiliuliza: Mshahara unaotarajia kwa mwezi.

Alikuwa akikisubiri kisanduku hicho kwa miaka mitatu. Chuoni, siku ya kwanza kabisa, mwalimu wao wa mitandao aliandika namba kwenye kona ya juu ya ubao, akaizungushia duara, akaandika chini yake: *Isifutwe.* Mia tisa. "Hii ndiyo bei ya fundi wa mtandao anayeanza," aliwaambia. "Si ya bingwa. Ya anayeanza. Mtu akikutajia chini ya hii, mwambie atafute wa kumbebea mizigo." Wakacheka. Namba ilikaa pale mwaka mzima. Walimu wengine waliandika masomo yao wakiizunguka, na katika mitihani, mtu akikwama, alinyanyua macho akaitazama, akapata nguvu ya kuendelea.

Dada Mtandao hakuandika mia tisa. Alikuwa amekwisha kujifunza woga. Aliandika mia saba, kwa tarakimu ndogo, akageuza karatasi.

Mama Utumishi aliisoma, akacheka polepole bila ubaya wowote. "Huu ni mshahara au namba ya simu?"

"Chuoni tuliambiwa, mama, kwamba anayeanza..."

"Chuoni wanawafundisha kompyuta. Bei mnafundishwa na soko." Alichukua peremende, akaifungua, akaiweka mdomoni. "Unajua hauko peke yako? Yuko mwenzako ametuma maombi. Ana cheti kikubwa kuliko chako na miaka mingi kazini. Ameandika mia tano."

"Yeye amesema mia tano?"

"Mimi sikulazimishi. Ndiyo maana ya penseli, mwanangu. Nakupa nafasi ya kujifikiria."

Kifutio kilikuwa kando ya bakuli, cha waridi, kona yake imeliwa. Alifuta. Akaandika mia nne na themanini, akaona aibu ya ile themanini, kwa jinsi ilivyoonekana imepigiwa hesabu. Mama Utumishi alimpongeza kwa busara, akamwambia afikirie tena hadi Jumatatu.

*

Walikaa chumba kimoja, watatu, chumba kimegawanywa kwa pazia. Upande mmoja kaka yake na mke wake, upande wa pili yeye na ndoo za maji. Kaka ndiye aliyeacha shule ili yeye aendelee. Hilo halikuwahi kusemwa na mtu. Lilikuwa pale tu chumbani, nalo lilikuwa kubwa kuliko kitanda.

Kaka alifanya kazi kampuni hiyohiyo, upande wa ghala, mpakizi wa malori. Kwa mwezi mzuri alipata mia tatu, mara mbili ya posho ya mdogo wake mwenye cheti, na utani wake mkubwa ulikuwa huo. "Msomi," alimwita. "Leo msomi anakula kwa jasho la mbumbumbu." Lakini tangu mwezi uliopita alikuwa hatanii sana. Gunia lilimteleza, akalidaka vibaya, na kitu kikalia mgongoni mwake ambacho wenzake walikisikia. Zahanati walimpa dawa ya kupaka na kumwambia asibebe kitu kwa miezi sita. Kesho yake alikwenda kubeba, akiwa amejifunga mkanda wa lori kiunoni chini ya shati. Asiyebeba halipwi, na msimamizi wa ghala akiuona ule mkanda, kaka angekuwa amemwaga unga siku hiyohiyo.

Jioni hiyo alikuwa amelala chini sakafuni, miguu juu ya kiti. Wifi, mke wa kaka, alikuwa akimkanda kwa kisigino, mkono mmoja ukutani, mwingine tumboni. Mimba ilikuwa ya miezi saba.

"Enhe," kaka alisema kutoka sakafuni. "Wamesema wanakulipa ngapi?"

"Wameuliza nataka ngapi."

"Kumbe bado kuna watu wastaarabu. Ukasema?"

"Kuna mwenzangu ameomba. Ameandika mia tano. Nimeshuka kidogo."

"Kidogo hadi wapi?"

Akamwambia. Kaka akapiga hesabu akitazama dari. "Siyo mbaya. Mimi nikikaa ndani hiyo miezi sita, tutabanana lakini tutakula." Kisha akasema kwa sauti nyingine, ile asiyoipenda mwenyewe, "Lakini usishuke tena, mdogo wangu. Mgongo wangu umeshafanya hesabu kwa hiyo."

"Mwache," wifi alisema. "Atapata. Hapa ndani wifi ni sisi wawili, na hakuna hata siku moja tumekatika."

Walicheka, hata kaka, akajutia palepale kwa maumivu. Dada Mtandao aliingia nyuma ya pazia. Alikuwa na hasira na mtu asiyemjua, huyo mwenzake mwenye cheti kikubwa aliyeandika mia tano. Alimwona mtu asiye na haya, anayekuja kuharibu bei ya watu kwa sababu kwake hapana pazia wala mgongo mbovu. Hasira hiyo ilimsaidia kulala.

*

Jumatatu hakuitwa. Jumanne alipanda darini kukagua kebo ya ghala, akajikuta yuko juu ya ofisi ya utumishi, na mahali pale ubao wa dari ulikuwa na ufa. Hakukusudia kusikiliza. Alikuwa ameshika koleo mdomoni, akasikia sauti ya Mama Utumishi chini yake, ikiongea na simu.

"Sawa kabisa, na uzoefu wako tunauheshimu. Ila kuna mwenzako hapa, kijana, mchapakazi, anaijua ofisi. Ameandika mia nne na themanini... Sikulazimishi hata kidogo. Nakupa nafasi ya kujifikiria... Mia nne. Haya. Naiandika kwa penseli."

Simu ikawekwa. Ganda la peremende likakwaruza. Baada ya dakika tano mtu wa mapokezi akaja chini ya ngazi kumwita, na alipokaa kwenye kiti cha kitambaa bila kuegemea, Mama Utumishi alimwambia kwa masikitiko kwamba mwenzake amefikia mia nne.

Angeweza kusema nimesikia. Alitaka kusema. Maneno yalimjaa mdomoni, akayameza, kwa sababu siku zilikuwa zimebaki tano na mtu aliyesikia mambo kutoka darini angeweza kukatazwa kupanda dari. Alijikaza kisabuni, akafuta, akaandika mia tatu na hamsini. Jumatano akaambiwa mwenzake ni mia tatu. Akafuta, akaandika mia mbili na themanini. Karatasi ilikuwa imeanza kuota manyoya mahali pale. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameandika chini ya mpakizi, naye mpakizi mwenyewe alikuwa kaka yake, akimtegemea.

Sasa hakumchukia tena yule mwenzake. Aliogopa tu. Alijua mtu wa upande wa pili naye ana kisanduku chake, na kifutio, na mtu nyuma ya pazia, na kwamba kila mara yeye alipoandika, huko mtu alikatwa maini. Hata hivyo aliandika.

*

Alhamisi asubuhi Mama Utumishi alimwita akiwa na kebo fupi mezani, ya mita mbili, imekunjwa vizuri.

"Nataka unisaidie kitu, mwanangu. Mwenzako amekuja kufanya jaribio. Nilimwacha stoo na vifaa, ametengeneza hii. Mimi sijui kitu, naona waya tu. Nipimie."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Fundi ni wewe."

"Lakini mama, mimi naye tunagombea..."

"Najua. Kumwita fundi wa nje ni gharama." Alitabasamu. "Nakuamini."

Aliichukua kebo. Kabla hajaichomeka kwenye kipimio aliona uzi. Kwenye kila ncha, sentimita mbili nyuma ya kichwa cha plastiki, palikuwa na uzi mweusi wa kushonea, umezungushwa mara tatu na kufungwa mafundo mawili.

Mtu mmoja tu ndiye aliyefunga hivyo, na aliowafundisha. Katika chuo chote, mwalimu wao wa mitandao alitembea na kidonge cha uzi mweusi mfukoni, akafunga kila kebo aliyoitengeneza. "Ikiharibika," alisema, "wajue pa kunitafuta." Aliwaimbisha rangi za nyaya nane kama watoto wa chekechea, watu wazima, wakizihesabu kwa vidole: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Mtu aliyekosea alirudia mbele ya darasa. Dada Mtandao alirudia mara tatu, mara ya nne akapatia, na mwalimu akampa ule uzi wake afunge fundo la kwanza. Kebo zote zilizokuwa darini juu ya kichwa cha Mama Utumishi zilikuwa na mafundo hayo, ila hakuna aliyewahi kupanda kuyaona.

Alikuwa amesikia, kwa mbali, kwamba chuo hakijawalipa walimu kwa muda mrefu. Alisikia kama watu wanavyosikia habari, akasema masikini, akaendelea na kazi.

"Umenyamaza," Mama Utumishi alisema.

"Bado naichomeka."

Alichomeka ncha zote mbili. Kipimio kilikuwa kidogo, cha kushika mkononi, kina taa nane. Alizigeuza taa upande wake. Moja ikawaka kijani. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba. Nane. Zikarudi mwanzo. Hakuna mkono uliotengeneza kebo safi kuliko ile katika jengo lile, na wake ukiwemo.

Mama Utumishi alikuwa ameweka fomu mbili mbele yake, bega kwa bega. "Nikueleze ukweli, kwa sababu wewe ni kama binti yangu. Yeye sasa ni mia mbili na hamsini. Kama kebo yake ni nzima sina la kumwambia mkurugenzi. Atauliza kwa nini nachukua ghali nikiwa na rahisi inayofanya kazi." Alinyanyua macho. "Inasemaje?"

Taa zilikuwa zikizunguka mara ya tatu. Alimwona kaka yake sakafuni, miguu juu ya kiti. Alimwona mwalimu akifunga fundo stoo, peke yake, kati ya maboksi, mtu wa miaka hamsini anayefanyishwa mtihani wa mwaka wa kwanza. Aliona kwamba mmoja wao ataangushwa na kidole chake mwenyewe, sasa hivi, na mama huyu mpole hata hatatoka jasho. Alitamani aulizwe tena, apate muda. Hakuulizwa.

"Haipiti," alisema.

"Ina nini?"

"Nyaya mbili zimebadilishana. Wa tatu na wa sita."

"Ni kosa kubwa?"

"Ni kosa la mwanafunzi."

Alizima kipimio. Kidole gumba kilikuwa kimelowa. Mama Utumishi aliandika neno moja kwenye fomu ya mwalimu, kwa kalamu, akaisukuma kando, akamtuma mtu wa mapokezi akamwambie yule bwana wa stoo kwamba jaribio halikupita, wanamshukuru kwa muda wake. Kisha akaisogeza fomu nyingine.

"Hongera, mwanangu. Nimefurahi kuwa ni wewe. Sasa rekebisha hapo, mia mbili na hamsini."

"Yangu ilikuwa mia mbili na themanini."

"Ilikuwa. Lakini kampuni imeshajua kazi hii inapatikana kwa mia mbili na hamsini. Nitampelekea vipi mkurugenzi kitu kingine?"

"Aliyeisema hiyo ameshindwa, mama."

"Yeye ameshindwa. Bei yake haikushindwa."

Alifuta. Karatasi haikuvumilia tena, ikatoboka, tundu dogo mahali pa kisanduku cha kumi na nne, meza ikaonekana. Mama Utumishi alitazama lile tundu bila kukasirika, akatoa fomu mpya kwenye droo, akamwelekeza aandike yote upya. Alipofika kisanduku kile alinyoosha mkono kuchukua penseli.

"Hapana," Mama Utumishi alisema. "Sasa kalamu. Ajira ni ya miaka miwili, haibadiliki."

Akaandika. Akapewa peremende.

*

Hakufika hata kwenye ngazi yake. Simu ya mezani ililia mapokezi, na ghorofa nzima ikaita jina lake: printa ya getini imekufa, malori sita yamepanga foleni, dereva wa kwanza ameshaanza kutukana. Alikimbia na mkoba wa vifaa. Kibandani kwa mlinzi, chini ya meza, kebo ilikuwa imetafunwa hadi shaba. Alifungua mkoba. Alikuwa na koleo, vichwa vya plastiki, roli tupu, na kebo moja tu iliyo tayari, ya mita mbili, imekunjwa vizuri. Hakukumbuka kuitia humo.

"Dada Mtandao, fanya haraka," mlinzi alisema. "Na huyu mzee hapa ananidai kitambulisho chake, na mimi siwezi kumtoa mpaka mashine itoe karatasi yake ya kutokea."

Mwalimu alikuwa amesimama nje ya dirisha la kibanda. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri, mikono imefungwa vifungo hadi chini kwenye jua lile. Bahasha kubwa ya vyeti alikuwa ameishika kifuani kwa mkono wa kulia. Alikuwa amepungua, na miwani ilikuwa imefungwa bawaba kwa uzi mweusi.

"Siamini macho yangu," alisema, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Wewe uko hapa? Wamekuajiri?"

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Marahaba. Tangu lini?"

"Leo," alisema. "Nimesaini leo."

Alimwona akiielewa ile leo. Ilichukua muda mfupi tu. Uso haukubadilika, ila alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, akatazama malori, akamrudia.

"Vizuri," alisema. "Afadhali ni mtu wangu. Niliambiwa kuna kijana anashuka kila siku, nikasema huyo si fundi, huyo ni njaa." Akacheka kidogo. "Kumbe mwenzangu naye alikuwa akiambiwa hivyohivyo."

"Mwalimu..."

"Usijali. Chuo hawajatulipa mwezi wa saba huu. Bado nafundisha. Namba yetu bado iko ubaoni, unajua? Wa mwaka huu wanaitazama kama mlivyokuwa mkiitazama. Naona haya kuifuta." Akainama kidogo dirishani, akashusha sauti, kwa namna ambayo Dada Mtandao hakuwahi kumwona akimwuliza mtu kitu. "Wameniambia kebo yangu haikupita. Aliyeipima anaijua kazi?"

Lori la kwanza lilipiga honi.

"Anaijua," alisema.

"Basi sawa. Kama anaijua, sawa. Macho haya siku hizi, na stoo ina giza. Hukusikia lilikuwa kosa gani?"

Angemwambia. Ilikuwa pale ulimini, ukweli wote, na kebo yenyewe mkononi chini ya meza. Lakini mlinzi alikuwa amesimama baina yao, na mlinzi huandika kila kitu, na nyuma ya lori la tatu alimwona kaka yake amepanda juu ya mzigo, shati limetuna kiunoni kwa ajili ya mkanda, akimpungia mkono na kumnyooshea kidole gumba akiuliza kwa mbali, vipi, tumepata?

"Wa tatu na wa sita," alimwambia mwalimu wake. "Zimebadilishana."

"Wa tatu na wa sita," mwalimu alirudia polepole.

Dada Mtandao akainama chini ya meza. Alichomeka ncha ya kwanza ukutani, ya pili nyuma ya printa, mafundo meusi yakielekea ukuta. Taa ya kijani ikawaka hapohapo, imetulia. Printa ikakoroma, ikatoa karatasi ya kwanza, mlinzi akaigonga muhuri, akamrudishia mzee kitambulisho chake na kumwonyesha kwa mkono kwamba asogee, malori yapite.

Mwalimu alivuka barabara, akasimama upande wa pili. Karatasi zilikuwa zikitoka mfululizo. Kaka alipita juu ya mzigo, bado amenyoosha kidole gumba, na Dada Mtandao akamnyooshea chake. Kila lori lililopita lilimfunika mwalimu, na kila lilipokwisha kupita alikuwa palepale, amenyanyua mkono wa kushoto mbele ya miwani, akikunja kidole kimoja kimoja huku midomo ikicheza. Chungwa-nyeupe. Chungwa. Kijani-nyeupe. Alifika cha tano, vidole vikaisha. Aliitia bahasha kwapani ili apate mkono wa pili, akatazama kidole cha sita kwa muda mrefu, akatikisa kichwa, akaanza upya.

"Imekubali," mlinzi alisema. "Hii umetengeneza wewe?"